Hilux LN85 ya Lushoto: kwa nini tuliweka 5L na KZ ikabaki dukani

Gari lenyewe ni Toyota Hilux LN85, kebini moja, magurudumu mawili ya kuvuta, kizazi kile kilichotengenezwa kati ya 1988 na 1997. Lilitoka kiwandani na injini ya 2L, dizeli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), cc 2446. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa mboga Lushoto, na dereva ni mpwa wake. Kazi yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kusimama Mombo asubuhi: kushuka na kabichi, karoti na viazi hadi barabara kuu ya Arusha na Dar, kisha kupanda na chochote kinachouzika mlimani, yaani saruji, mbolea, soda na mabati.

Walikuja gereji na ombi moja. Kijana alilitoa kabla hata ya kuzima gari: "Fundi, tunataka KZ." Alikuwa ameshaongea na muuza spea wa Ilala, Dar es Salaam, na picha ya injini ilikuwa kwenye simu. 1KZ-TE iliyotolewa kwenye Hilux Surf, pamoja na giaboksi yake, waya zake na kontrol boksi (kompyuta ya injini). Mama alisikiliza yote, halafu akaniuliza swali ambalo kwa maoni yangu lingetosha kuwa ripoti nzima ya ukaguzi: "Mwanangu, hii ya sasa imekufa, au mnaichoka tu?"

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu ombi la namna hii linaletwa gereji kila mara, na mara nyingi jibu huwa "leta injini" bila mtu kulipima gari lililopo wala kuitazama njia linayopita.

Malalamiko na vipimo

Walichosema ni kwamba gari halipandi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona, na barabara inapanda mita zipatazo 1,000. Kwenye kona za kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani, dereva alikuwa akishuka hadi gia ya kwanza, moshi mzito nyuma, mshale wa joto ukikaribia alama nyekundu, na malori yakimpigia honi.

Kabla ya kugusa spana nilifanya hesabu ya karatasi. Gari hilo tupu lina uzito wa kilo 1,300 hivi. Mifuko 25 ya saruji ni kilo 1,250. Ongeza dereva, utingo na takataka za kila siku, tunakaribia kilo 2,700. Kulipandisha gari la uzito huo kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 40 kwa saa, kunadai kama kilowati 27 kwenye matairi, ukihesabu mlima na ukinzani wa matairi. Hiyo ni kama nguvu za farasi 37. Injini ya 2L ikiwa nzima hutoa farasi 80 na ushee. Dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi, hivyo ikifika Lushoto kwenye mita 1,400 imepungukiwa asilimia 14 hivi. Toa tena asilimia 15 inayopotelea kwenye giaboksi, propela na difu. Bado unabaki na karibu farasi 60. Kwa hesabu hiyo 2L nzima inapanda kona zile gia ya pili, kilomita 40 kwa saa, bila kuchemsha. Haipandi kwa mbwembwe, lakini inapanda.

Kwa hiyo gari lililokuwa likipanda gia ya kwanza lilikuwa na ugonjwa mwingine, wala haukuwa udogo wa injini.

Tulianza na vitu vya bei ya chai. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Kebo ya mafuta ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukikanyaga hadi chini, mkono wa pampu haukufika mwisho wake. Halafu matairi. Gari hili lilitembelea rimu 14, 185R14, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 650. Mtu aliwauzia rimu 15 na matairi ya 215/75, kipenyo milimita 703, ili gari "lisimame vizuri". Ni kweli limesimama vizuri. Lakini kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 8, na gari likawa kama limebadilishiwa difu na kuwekewa nyepesi ya mwendo, nzito ya mlima. Asilimia 8 ya nguvu ya kusukuma iliondoka siku ile matairi yalipofungwa, na hakuna aliyeihusisha na mlima, kwa kuwa ilikuja pamoja na urembo.

Ndipo tukapima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyogandamiza hewa. Kwenye familia hii ya injini, silinda nzima inatakiwa kuonyesha psi 455 au zaidi, kikomo cha chini ni psi 284, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 71. Silinda ya tatu na ya nne zilikuwa chini ya kikomo, na zikilinganishwa na ya kwanza zilionekana mbaya zaidi. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, moshi ulitoka kwa mapigo. Hapo hakuna mjadala: ringi na silinda zimechoka.

Nikamjibu mama kwamba haijafa, lakini haifai kuendelea hivi. Kuna njia tatu. Kuifanyia oveholi hiyohiyo 2L. Kuweka 5L, injini ya familia ileile ya 2L lakini kubwa zaidi. Au kuweka KZ.

Oveholi

Kwa hii sikutumia muda mrefu. Kuchonga bloku, pistoni za ovasaizi, beringi, kupeleka silinda hedi ipimwe nyufa. Hedi za 2L zina sifa mbaya ya kupasuka katikati ya valvu, na gari hili lilikuwa limechemsha mara nyingi. Ukijumlisha hedi mpya, gharama inaikaribia injini ya mtumba, na mwisho wa yote una 2L. Kwa mtu anayebeba godoro na viti ingetosha. Kwa saruji kupanda Soni, hapana.

Kilichomvutia kijana

Nikiri kwamba KZ inavutia kwa sababu za kweli. Ni cc 2982, ina tabo, na pampu inayoongozwa na umeme. Ile ya mwanzo, isiyo na intakula (kipoza hewa ya tabo), inatoa farasi 125 hadi 130 kwenye mizunguko 3,600, na toki (nguvu ya kuzungusha) ya karibu Nm 290 kwenye mizunguko 2,000 tu. 2L inatoa kama Nm 165. Jambo la pili halionekani kwenye karatasi za mauzo: tabo hufidia wepesi wa hewa mlimani, kwa hiyo ile asilimia 14 inayoliwa na mwinuko wa Lushoto KZ haiisikii sana. Ukiifunga kwenye LN85, utapanda kona za Soni gia ya tatu ukiongea na simu. (Usiongee na simu.)

Tena Surf ya kizazi cha KZN130 ni ndugu wa Hilux hii. Kwa mbele, kebini na sehemu ya injini zinafanana sana, kwa hiyo injini inakaa bila kukata ukuta wa moto. Watu wanaosema "inaingia" hawadanganyi. Wanachoacha kusema ni kila kitu kinachoizunguka.

Kwanza, giaboksi. Surf nyingi zinazoletwa kutoka Japani ni otomatiki. Ile ya kwenye picha ilikuwa otomatiki, tena ya gari la magurudumu manne, lenye transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) nyuma yake. Gari la mama ni la magurudumu mawili na la gia za mkono. Hivyo nusu ya alichokuwa akilipia kingebaki gereji kikiwa chuma chakavu, na tungeanza kutafuta flaiwili, klachi na giaboksi ya mkono ya aina ya R inayobeba toki ile, lakini isiyo na transfa. Zipo. Lakini hazikuwemo kwenye bei aliyotajiwa. Giaboksi ya mwanzo ilipangiwa injini yenye toki kidogo zaidi ya nusu ya hii, na ukiilazimisha kwa mizigo ya saruji itakuambia yenyewe itakapochoka. Baada ya giaboksi, propela inakatwa na kusawazishwa upya, na maunti ya giaboksi inahamishwa.

Pili, umeme. KZ-TE haiwaki bila kontrol boksi yake, sensa zake, na waya zisizokatwa. Pampu yake ina rezista za urekebishaji zilizopangwa kwa pampu ile mahususi, ndiyo maana huwa nasisitiza injini, pampu na kontrol boksi vitoke gari moja. Pale Ilala vitu hivi huuzwa vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba, lakini kamba si ushahidi kwamba vilizaliwa pamoja. Gari la mama lina mfumo wa umeme ambao fundi yeyote wa Mombo anaumaliza kwa taa ya kupimia. Ukiweka KZ, siku sensa ikifa kwenye kona saa tano usiku na kabichi zinapata joto, fundi wa Mombo atakuja, atatazama, na atakupa pole.

Tatu, joto, na hapa ndipo nilipoanza kusita kwa dhati. Hedi ya KZ ni ya aluminiamu, na kila fundi wa dizeli Afrika Mashariki amewahi kuishika iliyopasuka. Hupasuka kwa kuchemsha. Sasa fikiria kazi tunayoipa: kupanda kilomita 33 polepole, upepo haba kwenye rejeta, tabo ikisukuma muda wote, na dereva kijana aliyefurahi kwamba gari linavuta. Inawezekana kabisa kuiweka salama kwa rejeta yake kubwa, feni yake yenye klachi nzima, kifuniko cha feni, na mshale wa joto unaosema kweli. Lakini kila kimoja ni lazima, na kila kimoja ni pesa.

Mzigo mzito unashuka

Mpaka hapo tulikuwa tunabishana juu ya kupanda, kama kila mtu. Mama ndiye aliyebadilisha mazungumzo bila kukusudia. Nilimuuliza mzigo wa juu kabisa wanaobeba ni kiasi gani, nikitegemea atataja saruji. Akasema saruji wanaihesabu, mfuko ni kilo 50, hakuna ujanja. Mzigo usiohesabika ni wa kushuka. Kabichi na viazi vinafungwa lumbesa, gunia linashonewa kichwa juu yake, na msimu wa bei nzuri vinapangwa mpaka juu ya kebini.

Kwa maneno mengine, gari hili linakuwa zito kupita kiasi likiwa linateremka. Wao walikuwa wanataka kununua nguvu za kupandia.

Chukua tani mbili na nusu kutoka Lushoto hadi Mombo. Nishati inayotakiwa kumalizwa njiani ni takriban megajuli 24.5. Hiyo inatosha kuchemsha lita 70 za maji kutoka ubaridi wa bombani. Sehemu yake inaliwa na ukinzani wa matairi na upepo, lakini kilichobaki kinakwenda mahali pawili tu: kwenye breki au kwenye injini. Kadiri injini inavyokataa kuzunguka ndivyo pedi zinavyopona.

Hapo ndipo hesabu ya cc inaposema jambo tofauti na lile la dukani. Dizeli ikiwa haijakanyagwa, haizuii gari kwa farasi zake. Inazuia kwa msuguano wake na kwa kazi ya kusukuma hewa kwenye silinda, na hiyo inafuata ukubwa wa injini na mizunguko. Tabo haisaidii kitu hapo, kwa sababu moshi wa kuizungusha haupo. 2L ni cc 2446. 5L ni cc 2986. KZ ni cc 2982. Kwenye mteremko, 5L inazuia takriban moja ya tano zaidi ya 2L. KZ inazuia karibu sawa na 5L, na ikiwa na giaboksi yake ya otomatiki inazuia pungufu.

Nilimchorea kijana hayo kwenye boksi la chujio. Akasema, kwa heshima, "Lakini mjomba, kushuka si tatizo, gari linashuka lenyewe." Sikumjibu. Nilimwomba aliingize gari kwenye shimo.

Tulichokikuta nyuma: viatu vya breki vimefikia chuma upande wa kushoto, silinda ya gurudumu la kulia inavuja na ngoma imelowa. Nyuma ya Hilux hizi kuna valvu ya breki inayopima mzigo, ina mkono uliounganishwa na ekseli; gari likizama kwa mzigo, mkono unapanda na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Mkono huo ulikuwa umefungwa kwa waya wa kufungia fensi. Fundi fulani, wakati fulani, alikutana na valvu iliyokwama akaona waya ni rahisi kuliko valvu. Mafuta ya breki yalikuwa meusi, na mafuta yaliyonyonya maji hufanya mvuke yakipata joto, pedali inakwenda chini bila kushika. Gari lilikuwa likishuka na lumbesa kwa breki za mbele peke yake.

Mama alisimama pembeni ya shimo akasikiliza. Alichosema alimwambia mpwa wake kwa Kisambaa, na sikuhitaji tafsiri.

Uamuzi na kazi

Tulikubaliana 5L, na kwamba sehemu ya pesa iliyobaki itakwenda kwenye breki kabla ya kitu kingine. Kwa upande wa nguvu, 5L inatoa toki ya kama Nm 200 kwenye mizunguko ya chini, yaani ongezeko la takriban asilimia 20. Linaonekana dogo ukilisoma baada ya namba za KZ. Lakini rudi kwenye mwinuko ule wa asilimia 8: kwa kilomita 40 kwa saa, gia ya tatu, injini inazunguka karibu 1,950. 2L nzima pale inatoa kama kilowati 24 kwenye matairi, na mlima unadai 27, hivyo lazima ushuke gia ya pili. 5L inatoa kama 29. Inapita, kwa kujibana, lakini inapita. Kwa biashara hii ndiyo tofauti iliyokuwa ikitafutwa: gia moja.

Ukubwa huo unatoka wapi? Bloku ni za familia moja. 2L ina pistoni za milimita 92 na mwendo wa milimita 92. 5L ina pistoni za 99.5 na mwendo wa 96. Kwa nje ni kama mapacha, na giaboksi ya zamani inaikubali bila adapta, maunti zinahamishwa, pampu ni ya kimakanika, na waya zinazohitajika ni za kuzimia, za plagi za joto, za oili na za joto la maji.

Injini tuliyoipata ilitoka kwenye Hiace. Hapo kuna mtego mdogo ambao wauzaji hawautaji. Hiace inakaa na injini yake chini ya viti, kwa hiyo sampu (bakuli la oili), stareina ya oili (chujio la kunyonyea), mabano ya maunti na baadhi ya mabomba ya maji havifanani na vya pikapu. Usiitupe 2L kabla hujaivua nguo zote. Tulihamisha sampu na stareina yake kama jozi, mabano, na bomba la maji la juu. Sampu ikihamishwa bila stareina, oili itanyonywa kutoka urefu usio sahihi, na injini itakufa kwenye mlima wa kwanza ikiwa na oili tele.

Tuliipima kabla ya kuilipia, ikiwa chini, kwa betri na stata. Muuzaji alinuna kidogo. Silinda zote zilikuwa juu ya psi 400 na zikikaribiana. Tulifungua hedi hata hivyo, ikapimwa nyufa kwa presha, tukaweka gasketi mpya. Taimingi belti, tensheni, pampu ya maji, thamostati na sili ya nyuma ya krenki vikabadilishwa injini ikiwa bado juu ya stendi. Belti ya injini hizi ni ya kilomita 100,000, na injini ya mtumba haina rekodi ya kuaminika. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Anayebakiza belti ya zamani ili aokoe pesa sijui anaokoa nini.

Kitu kimoja kinachounganisha injini na breki ni altaneta. Dizeli haina mvuto wa hewa kama petroli, kwa hiyo busta ya breki, inayolainisha pedali, inategemea pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta. Altaneta iliyokuja na injini ilichaji vizuri kabisa, lakini vakyumu yake ilikuwa dhaifu. Fundi anayepima volti tu angeifunga, na mama angeshuka Soni na pedali ngumu kama jiwe. Tulirudisha ile ya 2L ambayo ilikuwa nzima.

Rejeta ilifumuliwa ikasafishwa na kuongezewa safu moja. Klachi mpya. Matairi yakarudi rimu 14, yale ya mzigo yenye plai 8, jambo lililomuumiza kijana kuliko kuikosa KZ. Breki: viatu, silinda zote mbili za nyuma, ngoma zikakerezwa, pedi za mbele, mafuta mapya mfumo mzima, na valvu ya mzigo iliyonyooka isiyo na waya.

Jumla ya gharama haikufika nusu ya ile ya KZ ukiihesabu KZ kwa ukamilifu wake, yaani na giaboksi ya mkono, propela, rejeta na fundi umeme.

Kadi ya gari

Hapa nitapita haraka, ingawa watu wengi hupita haraka zaidi. Kadi ya usajili inaandika namba ya chesisi, namba ya injini na cc. Ukibadilisha injini, vitu viwili kati ya hivyo vitatu vimekuwa uongo, na msajili, ambaye kwa Tanzania ni TRA (Mamlaka ya Mapato), anatakiwa kujulishwa. Hakikisha risiti ya injini ina namba ya injini iliyoandikwa, na kwamba namba hiyo inasomeka kwenye bloku kabla ya kununua. Namba iliyosagwa kwa grainda, ondoka dukani. Zamani watu walikwepa kubadilisha kadi kwa sababu ada ya kila mwaka ilipangwa kwa ukubwa wa injini, na kutoka 2446 kwenda 2986 kulikuvusha daraja. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2017, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha. Kilichobaki ni hatari tupu, siku unapouza gari au siku kampuni ya bima inapokagua chuma kilichogongwa.

Matokeo, na pale tunapotofautiana

Gari linapanda na mifuko 25 kwa gia ya tatu pale lilipokuwa likienda gia ya kwanza. Kona mbili kali kabla ya Soni bado zinadai gia ya pili. Mshale wa joto unatulia katikati. Kwa mujibu wa kijana mafuta hayajaongezeka, nami naamini, kwa kuwa injini nzima kwa gia ya tatu haina sababu ya kunywa kuliko mgonjwa kwa gia ya kwanza. Kushuka, wanakwenda gia ya pili tangu juu, breki zikiguswa kwenye kona na kuachiwa.

Mwenzangu wa gereji hakubaliani nami mpaka leo. Anasema kama mteja ana pesa, KZ iliyofungwa vizuri ni gari la miaka kumi, na 5L itamfanya arudi kutaka zaidi. Ana hoja. Kama mama angekuwa anapandisha mzigo mzito kila siku na kushuka mtupu, au anakwenda nao Dar es Salaam kwa mwendo wa basi, ningehesabu upya, hasa ikipatikana KZN130 ya gia za mkono iliyo nzima ili kila kitu kitoke gari moja. Pia ipo 1KZ-T yenye pampu ya kimakanika, inayoondoa nusu ya hofu zangu za umeme, ila kuipata nzima ni bahati. Nisichokubali ni kuichagua KZ kwa bei ya injini peke yake, kisha kuyafunga mengine yote kwa waya wa fensi.

Gari lilirudi baada ya muda likitoa moshi mweusi. Madereva wa Mombo walikuwa wamemfundisha kijana kuzungusha skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Ni kweli inaongeza nguvu kidogo pale chini. Lakini injini isiyo na tabo inapewa mafuta kwa kadiri ya hewa inayovuta yenyewe, na hewa ya Lushoto tayari imepungua, kwa hiyo mafuta ya ziada yanakwenda bombani yakiwa masizi na kwenye hedi yakiwa joto. Tuliirudisha mahali pake, tukakaza nati, tukapaka rangi nyekundu kuanzia kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa pampu. Sasa mama, akiinua boneti kuangalia oili, anaangalia na ile rangi kama imekatika.